Bega linalouma kwa mbele: kano ya baisepsi na kuchakaa kwake

Agosti 1997 kano ya baisepsi ya John Elway, yaani kamba inayoushikiza msuli huo kwenye mfupa, ilikatika begani. Elway alikuwa mrushaji wa Denver Broncos, katika ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono kuliko miguu. Alikuwa na miaka 37, na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia, ule ule wa kurushia. Ungedhani habari yake iliishia hapo. Hakupasuliwa. Wiki chache baadaye alikuwa amerudi uwanjani, na Januari 1998 timu yake ikatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo.

Madaktari wa mabega hawashangazwi na kisa hiki. Wanawajua watu wengi wasio na mashabiki ambao bega liliwatesa kwa miezi, kisha siku moja wakainua mzigo, wakasikia kitu kimeachia ghafla begani, mkono ukavimba na kuvilia damu, na wiki kadhaa baadaye yale maumivu ya zamani yakawa hayapo tena. Ilipokuwa nzima, kano iliuma. Ilipokatika, ikanyamaza. Inaonekana kama kichekesho, lakini ukielewa kwa nini iko hivyo, umeuelewa ugonjwa wenyewe, na pia umeelewa kwa nini vidonge na kupumzika, dawa mbili zinazokimbiliwa na kila mtu, huwa haviumalizi.

Kamba inayopita kona

Kunja kiwiko huku kiganja kikiangalia juu. Nyama inayotutumka kati ya bega na kiwiko ndiyo baisepsi, jina la Kilatini lenye maana ya "vichwa viwili". Chini, kwenye kiwiko, msuli huu una kano moja iliyoshika mfupa mmojawapo wa kigasha. Juu unagawanyika. Kichwa kifupi kinakwenda moja kwa moja kwenye kidole cha mfupa kinachochomoza mbele ya kombe la bega, na ni nadra kumsumbua mtu. Kichwa kirefu ndicho chenye safari.

Kano ya kichwa hicho ina urefu wa takribani sentimita 9, na wembamba wake haufiki unene wa penseli. Inapanda ndani ya mfereji ulio mbele ya mfupa wa mkono wa juu, kati ya vinundu viwili vya mfupa. Ikimaliza mfereji inapinda ghafla, inaingia ndani ya kiungo chenyewe cha bega, inapita juu ya kichwa cha mfupa kilichoviringana kama mpira, halafu inajishikiza kwenye ukingo wa juu wa kikombe cha bega, kwa sehemu kwenye mfupa na kwa sehemu kwenye gegedu inayokizunguka kikombe hicho. Mwilini ni kano chache mno zinazokatiza ndani ya kiungo namna hii.

Mfereji huo unaweza kuugusa. Weka vidole vya mkono wa pili mbele ya bega, chini kidogo ya ukingo wa mfupa wa juu, kiwiko cha mkono unaopimwa kikiwa kimekunjwa ubavuni. Zungusha kigasha polepole, ndani kuelekea tumboni na nje kuelekea pembeni. Utahisi vinundu viwili vikipita chini ya vidole vyako, na bonde kati yao. Ukibonyeza hapo utasikia kauchungu, na usiogope, kwa kuwa hata bega zima huuma kidogo likibonyezwa mahali hapo. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya bega hili na lile.

Pale kwenye kona, kano imezungushiwa kitanzi cha ligamenti, zile kamba zinazofunga mfupa na mfupa, na nyuzi za misuli ya jirani ili isichomoke mferejini. Na ukiinua mkono, si kano inayopanda. Imeshikwa juu, haina pa kwenda, kwa hiyo mfupa ndio unaoteleza chini yake, hata kwa karibu sentimita 2. Umewahi kuona kamba ya kisima inayopita juu ya gogo? Haikatikii hewani, inakatikia pale inapolisugua gogo. Kano hii nayo ina gogo lake, na mahali pa kuchakaa ni palepale inapopinda.

Kuna na suala la damu. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, na hii imepungukiwa zaidi, maana mishipa inaingia kutoka ncha zake mbili na kuacha kipande cha kati, jirani na ile kona, kikiwa na damu haba. Yaani sehemu inayosuguliwa zaidi ndiyo inayolishwa kidogo zaidi.

Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha utafiti ambao mimi kila nikiukumbuka hunifanya niitazame miguu yangu kwa heshima mpya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni ya mionzi hewani, ikaingia kwenye mimea, na kutoka hapo ikaingia kwa watu. Kwa hiyo kila tishu ya mwili imebeba alama ya miaka iliyojengwa. Walipoipima kano kubwa ya kisigino, walikuta kiini chake kilijengwa hadi mtu alipofikisha miaka kama 17, na baada ya hapo karibu hakikubadilishwa tena. Hiyo ni kano ya mguu, si ya bega, ila inatusaidia kuelewa tabia ya ukoo mzima wa kano. Ngozi hujivua na mfupa uliovunjika huunga. Kano unayoivuta leo ukiwa na miaka 50, kwa sehemu kubwa, huenda ndiyo ile uliyokuwa nayo shuleni.

Jina lililopotosha

Kwa miaka mingi maumivu haya yaliitwa tendinaitisi ya baisepsi, na wengi bado wanayaita hivyo. Mwisho ule wa "aitisi" kwenye jina la ugonjwa una maana ya mwako, ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuwa nyekundu kwa sababu chembe za ulinzi zimekimbilia hapo. Ukishaita kitu mwako, dawa inajileta yenyewe, yaani kuuzima. Ndiyo maana watu hupewa vidonge vya kutuliza mwako, barafu na sindano.

Wachunguzi walipoziweka kano hizi chini ya hadubini, mara nyingi hawakukuta jeshi lolote la chembe za ulinzi. Kano nzima inaonekana kama mkeka uliosukwa vizuri, nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga kano, zikiwa zimelala sambamba, zimebanana, zinameremeta. Kano mgonjwa inaonekana kama mkeka uliolowana ukakaushwa mara nyingi. Nyuzi zimelegea na kupindana, kati yake pamejaa uteute, na kolajeni imara imechukuliwa nafasi na aina nyingine iliyo dhaifu. Chembe zinazotunza kano ama zimekufa ama zimebadilika umbo. Na mahali ambapo zamani hapakuwa na mshipa wa damu, vijishipa vipya vimejipenyeza, na mishipa midogo ya fahamu imefuatana navyo. Hao wageni wa mwisho wanadhaniwa kuwa sehemu ya sababu kano inauma.

Hali hiyo inaitwa tendinosisi, yaani kuchakaa na si kuwaka. Ni jaribio la kupona lililoshindikana, likarudiwa, likashindikana tena.

Sitaki kulifanya jambo liwe jepesi kuliko lilivyo. Mwako upo pia, hasa kwenye utando unaoizunguka kano ndani ya mfereji. Utando huo ni mwendelezo wa utando wa kiungo cha bega, kwa hiyo bega likichafuka, maji yake yanashuka hadi kwenye mfereji. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili, utando unaowaka na kano inayochakaa ndani yake. Ila miezi inavyosonga, kuchakaa ndiko kunakobaki, na hapo ndipo kidonge kinapotuliza leo na kesho maumivu yakarudi palepale.

Jirani mbaya

Ni nadra kano hii kuugua peke yake. Kiwango kinachotajwa sana katika vitabu vya udaktari wa mifupa ni kwamba ni kama asilimia 5 tu ya wagonjwa ambao baisepsi yao imeumia bila chanzo kingine begani. Waliobaki wana tatizo la jirani.

Jirani mkuu ni ile misuli minne midogo inayolikumbatia bega na kukiweka kichwa cha mfupa katikati ya kikombe chake. Kano za misuli hiyo zikichakaa au kuchanika, kichwa cha mfupa huanza kutembea ovyo, kikipanda juu kila mkono unapoinuka, na baisepsi inajikuta imebanwa kati ya mfupa na mfupa. Msuli wa mbele kati ya hiyo minne ukichanika, kile kitanzi cha kwenye kona hulegea, na kano huanza kuchomoka mferejini na kurudi. Mgonjwa atakwambia bega "linaruka" au "linagonga" akizungusha mkono. Vinundu vya mfupa vinavyoota ndani ya mfereji kwa uzee au baada ya mvunjiko huikwaruza kano kama msasa. Na ile gegedu ya ukingo wa kikombe ikibanduka, kano inakuwa imefungwa kwenye kigingi kinachocheza. Mbanduko huo ulipewa jina mwaka 1990 na daktari wa upasuaji Stephen Snyder wa Marekani, na tangu hapo unajulikana kwa herufi SLAP.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloangusha tiba nyingi. Mtu anatibiwa kano inayolia, na jirani anayeiliza haguswi.

Nani anapata? Umri ndio unaoongoza, na wengi huanza kuliona baada ya miaka 40. Wanafuata wanaofanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa, kama wapaka rangi wa dari, na wanamichezo wa kurusha, kuogelea na kunyanyua vyuma. Sigara huharibu kano. Kisukari kisichodhibitiwa huikakamaza kolajeni. Na kuna dawa ambazo watu hawazihusishi kabisa na bega, nazo ni antibiotiki za kundi la siprofloksasini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizitaka zibebe onyo kali kwamba zinaweza kusababisha kano kuuma au kukatika, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi, dawa kali za kutuliza mwako. Kano inayoathirika zaidi ni ya kisigino, lakini ya bega haikusamehewa.

Inavyojitambulisha

Maumivu yanakaa mbele ya bega na kushuka kwenye nyama ya baisepsi, wakati mwingine hadi kwenye kiwiko. Mtu huonyesha kwa kidole kimoja, tofauti na mwenye tatizo la ile misuli minne, ambaye hulishika bega zima kwa kiganja, upande wa nje. Si kanuni, ila ukiona kidole, uliza habari za baisepsi.

Yanachokozwa na mambo madogo. Kufikia mkoba kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kuvaa koti, mkono wa pili. Kukaza parafujo kwa mkono wa kulia, kwa kuwa kazi hasa ya baisepsi, kuliko hata kukunja kiwiko, ni kukisokota kigasha ili kiganja kigeuke juu, na bisibisi inataka msokoto huohuo. Kuna na usiku. Ukililalia bega hilo linakuamsha, ukilala upande wa pili mkono unadondoka mbele na kano inavutika, unaamka tena. Mto mmoja mdogo wa kuegemeza mkono mbele ya kifua huwasaidia wengi kuliko kidonge cha usiku.

Daktari ana vipimo vyake vya mkono. Kimojawapo kimebeba jina la Robert Yergason, aliyekieleza mwaka 1931. Kiwiko chako kinakunjwa ubavuni kwa pembe mraba, unaambiwa ugeuze kiganja juu, naye anakuzuia. Ukisikia maumivu mbele ya bega, mferejini, kipimo kimejibu ndiyo. Katika kingine unanyoosha mkono mbele, kiganja juu, naye anausukuma chini. Kwa ukweli wa mambo, vipimo hivi si hakimu mzuri. Bega lenye tatizo jingine huweza kujibu ndiyo pia. Vikitumika pamoja, na daktari aliyesikiliza historia ya mgonjwa, vinasaidia. Kimoja peke yake ni kama kumhukumu mtu kwa kumsikia akikohoa.

Ultrasaundi ni rafiki mkubwa hapa, kwa sababu inaonyesha maji kuizunguka kano, unene wake usio wa kawaida, na inaweza kuiangalia kano ikichomoka mferejini papo hapo mkono unapozungushwa. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha zaidi majirani, yaani misuli, gegedu na mfupa, ingawa mchaniko mdogo wa kano hii huiponyoka mara nyingi. Eksirei haioni kano, inaona mifupa tu.

Onyo moja kuhusu picha. Mtu wa miaka 60 ambaye bega halimuumi kabisa anaweza kupigwa picha ikaonyesha kano imechakaa. Mvi hazimaanishi kichwa kinauma. Picha inasomwa pamoja na mgonjwa.

Na kabla ya kulilaumu bega, kuna mambo mawili. Maumivu ya bega, hasa la kushoto, yanayokuja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukatika si ya baisepsi. Huo ni moyo hadi ithibitishwe vinginevyo, na mtu huyo anatakiwa hospitali sasa hivi. Na maumivu yanayotoka shingoni na kushuka hadi kwenye vidole vinavyofa ganzi huenda yakawa ya mshipa wa fahamu shingoni, hata kama bega ndilo linalolalamika.

Mzigo ndio dawa, ukipimwa

Wengi wanaanza na kosa la kulifunga bega lisitikisike. Wiki moja mbili za kuacha kile kinachochokoza, sawa. Miezi miwili ya kuubeba mkono kama yai, hapana. Kano isiyovutwa hudhoofika zaidi, misuli ya jirani hulala, na bega lenyewe linaweza kuganda, likakuletea ugonjwa wa pili mrefu kuliko wa kwanza.

Kano huamka kwa kuvutwa, taratibu na kwa kipimo. Mtaalamu wa fiziotherapia mara nyingi huanza na mazoezi yasiyo na mwendo. Kiwiko kimekunjwa pembe mraba, kiganja juu, unasukuma chini ya meza nzito kama unayetaka kuinyanyua, sekunde 30 hadi 45, unapumzika, unarudia mara tano. Meza haiendi popote, kano inapata kazi, na kwa baadhi ya watu maumivu hupungua palepale kwa saa kadhaa. Maumivu yakitulia unahamia kwenye uzito mdogo unaonyanyuliwa polepole sana, hesabu ya tatu kupanda na ya nne kushuka. Ule ushukaji ndio unaofanya kazi kubwa, na ndio watu wanaouibia, kwa kuacha uzito uanguke wenyewe. Mara mbili tatu kwa wiki zinatosha, kwa kuwa kano inahitaji siku ya kujijenga katikati.

Sambamba na hayo, jirani naye apewe haki yake. Mazoezi ya kuvuta utepe wa mpira kuelekea mwilini, ya kuzungusha mkono nje kiwiko kikiwa ubavuni, na ya kurudisha makombe ya bega nyuma, ndiyo yanayokiweka kichwa cha mfupa katikati na kuipa kano nafasi ya kupumua. Kwangu mimi, kama mtu ana dakika kumi tu kwa siku, sita ziende kwa jirani.

Je, iume kidogo? Iume. Wataalamu wengi hukubali maumivu ya hadi 3 au 4 katika mizani ya 10 wakati wa zoezi, mradi yawe yamerudi yalipokuwa kufikia kesho yake asubuhi. Yakipita hapo, mzigo umezidi na unapunguzwa, hauachwi. Na muda unahesabiwa kwa miezi. Mtu anayeacha wiki ya tatu kwa kuwa "halijasaidia" ameacha kabla halijaanza, kwani wiki 12 ndio muda wa haki wa kulipima.

Kiini kilichochakaa huenda kisirudi kuwa kipya hata baada ya hayo yote, na picha ya ultrasaundi inaweza kubaki mbaya vilevile huku mgonjwa akiwa mzima. Kinachobadilika ni sehemu nzima ya kano kuwa imara zaidi, misuli kubeba mzigo wake, na mishipa ya fahamu kuacha kupiga kelele.

Vidonge vya kutuliza mwako vina nafasi kwa siku chache za mwanzo, kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au figo dhaifu. Sindano ya steroidi ni mjadala mrefu zaidi. Ikichomwa ndani ya utando, kando ya kano, kwa kuongozwa na ultrasaundi, inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa na kumpa mtu nafasi ya kuanza mazoezi. Ikichomwa ndani ya kano yenyewe, au ikirudiwa mara nyingi, inaidhoofisha na kuisogeza karibu na kukatika. Mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sukari yake itapanda kwa siku kadhaa. Sindano inayofuatwa na kurudi kwenye mzigo uleule bila mazoezi ni kununua muda na kuutupa.

Kamera inapoingia begani

Miezi mitatu hadi sita ya tiba ya kweli ikipita bila nafuu, upasuaji huzungumzwa. Kamera nyembamba inaingizwa kwenye kiungo kwa tundu dogo, na daktari anaiona kano ikikatiza juu ya kichwa cha mfupa, nyeupe kama uzi wa katani. Lakini kipande anachokiona mwanzoni ndicho kisicho na shida. Anaingiza ndoano ndogo, anaivuta kano ndani ya kiungo, na kile kilichokuwa kimejificha mferejini kinajitokeza, wakati mwingine kikiwa chekundu kimejaa vijishipa. Madaktari huiita ishara ya rangi ya mdomo. Wakati mwingine kano imevimba kabla ya kona kiasi kwamba haiwezi tena kuingia mferejini mkono ukiinuliwa, ikajikunja na kulikwamisha bega. Pascal Boileau wa Ufaransa na wenzake walieleza hali hiyo mwaka 2004 na kuifananisha na saa ya mchanga.

Baada ya hapo kuna njia mbili, na zote mbili zinaanza kwa kuikata kano pale iliposhikizwa kwenye kikombe. Ndiyo, kwa kuikata. Katika tenotomia inakatwa na kuachwa ishuke yenyewe. Upasuaji ni mfupi, mkono unatumika mapema, ila msuli unaweza kuonekana umeshuka na wengine hupata mkakamao wakifanya kazi ya kurudiarudia. Katika tenodesisi inakatwa na kushikizwa upya kwenye mfupa wa mkono, chini ya ile kona. Umbo la mkono linabaki vizuri zaidi, lakini mgonjwa anafunga mkono kwenye tanzi kwa wiki kadhaa na kukatazwa kunyanyua kwa kukunja kiwiko kwa kama wiki 6. Kwa maumivu, njia hizi mbili hazipitani sana. Fundi wa miaka 45 na anayejali umbo la mkono wake mara nyingi huelekezwa kwenye tenodesisi, na mtu mzima wa miaka 70 anayetaka tu kulala usiku, kwenye tenotomia.

Hapo sasa kisa cha Elway kinajieleza. Kukatika kulifanya bure kile ambacho daktari hufanya kwa kisu. Kipande kinachouma hakivutwi tena, hakibanwi tena kwenye kona. Na kwa kuwa kichwa kifupi bado kimeshika, mkono haubaki mlemavu. Vipimo kwa watu waliokatika bila kupasuliwa vimeonyesha nguvu ya kusokota ikipungua kwa kama asilimia 20, na ya kukunja kiwiko kwa chini ya hapo. Fundi wa bisibisi atalihisi hilo. Wengi wengine wataliona kwenye kioo kuliko kwenye kazi, kwani nyama ya msuli hushuka na kujikusanya karibu na kiwiko, umbo linaloitwa ishara ya Popeye, kwa jina la baharia wa katuni aliyezaliwa mwaka 1929. Jina limekosewa kidogo, maana Popeye mwenyewe alikuwa amevimba vigasha.

Aliyekatika hivyo bado aende akaangaliwe, kwa sababu mbili. Kwanza, kano ya baisepsi huwa haikatiki kwenye bega lenye afya, na huenda jirani mmoja kati ya wale wanne amechanika pia, na huyo ndiye atakayemnyima kuinua mkono. Pili, kuna mkatiko mwingine unaofanana na huu, nao ni wa ile kano moja ya chini, kwenye kiwiko. Atazame msuli umekimbilia wapi. Ukishuka kuelekea kiwiko, kilichokatika ni juu, na haraka si kubwa. Ukipanda kuelekea bega, na mbele ya kiwiko pakabaki shimo na kuvilia damu, kilichokatika ni chini. Hapo hakuna kichwa cha pili cha kuokoa jahazi, nguvu zinazopotea ni nyingi zaidi, na mshono ni rahisi katika wiki mbili tatu za kwanza, kabla kano haijajikunja na kuganda juu.